Intaneti ya nyumbani inakwenda pole: ununue ruta mpya au uiache?

Swali ni moja, linabadilisha nguo tu: “Nikinunua ruta kubwa, mtandao utakimbia?” Kisiwani Lamu linaulizwa Langoni, linaulizwa Shela, na kule Malindi linaulizwa na mwenye nyumba ya wageni aliyekwisha kuambiwa dukani kwamba ile ya antena sita ndiyo dawa. Jibu linategemea mahali kasi inapopotelea. Ruta hugawa kile kilichofika nyumbani. Zikifika Mbps 8 (kipimo cha kasi, hatua ya 1 inakieleza), ruta ya bei yoyote itagawa hizo 8. Lakini katika nyumba nyingi za Amu, yaani mji wa Lamu, Mbps 40 hufika salama mlangoni, zikagonga ukuta wa mawe, na chumba cha ndani kikaambulia 3. Hapo kuna kazi ya kufanya, na mara nyingi kazi hiyo haigharimu bei ya ruta mpya.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya 2 na ya 3, zilizobaki zote ni kubahatisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao. Kama haina, azima adapta ya USB, na iwe ya gigabiti (Mbps 1000).
- Waya wa mtandao wa Cat5e, mita 2 zatosha, ambao una hakika ni mzima.
- Simu ya Android inayoshika Wi-Fi ya GHz 5 (moja ya bendi mbili za Wi-Fi, nyingine ni GHz 2.4), pamoja na programu ya kupima kasi na nyingine ya kuonyesha nguvu ya mawimbi na chaneli.
- Jina na nywila ya kuingilia kwenye ruta. Kwa kawaida vimebandikwa chini yake.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa, baada ya vipimo kumi utachanganya chumba na chumba.

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha ya nyaya zote nyuma ya ruta na ya kila ukurasa wa mipangilio. Picha hizo zitakuokoa usiku ambao hakuna fundi.

Hatua ya 1: Jua ulicholipia, na ujue una kifaa gani

Kasi ya kifurushi huandikwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Kompyuta inapopakua faili huonyesha MB kwa sekunde, yaani megabaiti, na megabaiti moja ina megabiti 8. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20 kikionyesha MB 2.5 kwa sekunde, hujaibiwa hata senti. Filamu ya GB 1 kwenye kifurushi hicho itachukua karibu dakika 7. Malalamiko mengi yanaishia papa hapa.

Soma pia kama kifurushi kina kikomo cha matumizi, ambapo ukishapita kiasi fulani cha GB kasi inashushwa mpaka mwezi ugeuke. Mtandao unaokimbia tangu mwanzo wa mwezi kisha ukaanza kutambaa tarehe 20 hauna ugonjwa wa ruta.

Sasa tazama kifaa chenyewe. Kikiwa na taa zilizoandikwa PON na LOS, hicho ni kifaa cha faiba, na ni mali ya kampuni. Ruta ya dukani haiwezi kuchukua nafasi yake. Inaweza tu kukaa nyuma yake. Kikiwa na nafasi ya laini ya simu, ni ruta ya 4G au 5G, na habari zake zina sehemu yake huko chini kwa sababu zinatofautiana na za wengine. Kama kuna sahani juu ya paa na waya unaoshuka kutoka huko, sahani ndiyo inayoleta intaneti na ruta ya ndani ni ya kugawa tu.

Hatua ya 2: Pima kwa waya

Unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta. Zima Wi-Fi ya kompyuta. Ukiiacha, utapima hewa ukidhani unapima waya. Waondoe watumiaji wengine wote. Njia ya haraka ni kuzima Wi-Fi ya ruta kwa dakika chache, lakini usisahau kamera za ulinzi na televisheni zilizochomekwa kwa waya, maana hizo zitaendelea kula.

Pima mara tatu mfululizo, uandike kasi ya kupakua, ya kupakia, na ping (muda wa jibu kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Rudia mara tatu kwa siku moja: saa moja asubuhi, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Kisha soma karatasi yako hivi:

- Vipimo vyote vinakaribia kasi uliyolipia, tuseme sehemu 9 kwa 10. Laini ni nzima. Endelea na hatua ya 3.
- Asubuhi ni vizuri, usiku vinaporomoka. Huo ni msongamano upande wa kampuni au mnara. Ruta mpya haitaugusa. Hifadhi karatasi, ndiyo hoja yako utakapowapigia simu.
- Saa zote viko chini sana. Laini ina hitilafu, au kifurushi si kile unachodhani. Piga simu kwanza, duka baadaye.
- Vimegota kwenye 94 au 95 na wewe umelipia zaidi ya 100. Kuna tundu au waya wa kasi ya 100 njiani. Badilisha waya kwanza, kwa sababu uzi mmoja ukikatika ndani ya waya wa gigabiti, vifaa viwili hukubaliana kushuka hadi 100 bila kutoa taarifa yoyote. Waya mwingine ukitoa 94 ileile, tazama kompyuta au adapta yako kabla ya kuilaumu ruta. Ikiwa tundu la ruta ndilo la 100, hii ni sababu halali kabisa ya kuibadilisha.

Onyo kwa wenye faiba: ule uzi mwembamba unaoingia kwenye kifaa ni wa kioo. Usiukunje kona kali, usiuchomoe kwa udadisi, na usichungulie ncha yake, maana mwanga uliomo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Na kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo la kifaa cha kampuni usikibonyeze kwa sindano. Kinafuta mipangilio ya kampuni, na utakaa bila intaneti mpaka fundi wao aje. Ukiwa kisiwani unajua maana ya kungoja.

Hatua ya 3: Pima kwa Wi-Fi, chumba kwa chumba

Rudisha Wi-Fi. Simama mita 2 kutoka kwenye ruta bila ukuta kati yenu, simu ikiwa kwenye GHz 5, upime. Kisha nenda kila chumba, ukae pale unapokaa kila siku, kitandani au mezani, si mlangoni. Andika kasi na nguvu ya mawimbi. Nguvu hupimwa kwa dBm na namba ni za kutoa: -50 ni nzuri mno, -67 yatosha kwa simu ya video, -75 inakatakata, na ikifika -80 simu inaonyesha alama ya Wi-Fi lakini hakuna la maana linalopita.

Karatasi ya nyumba ya kawaida ya ghorofa mbili inaweza kusomeka hivi: kwa waya 38; msana (ukumbi wa mbele), mita 2 kutoka kwenye ruta, 37 kwa -41; chumba cha ndani, 9 kwa -74; ghorofa ya juu, 2 kwa -83. Mwenye karatasi hii laini yake ni nzima, na ruta yake pia haina neno, kwa sababu mita 2 inatoa karibu yote. Anachokosa ni njia ya kufikisha mawimbi ndani na juu.

Karatasi ya aina ya pili: kwa waya 38, mita 2 kutoka kwenye ruta 11. Hapa ruta au mipangilio yake ndiyo mshukiwa. Usiitupe bado, hatua ya 5 huenda ikaiponya.

Hatua ya 4: Ping mbili

Kwenye kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi, fungua dirisha la amri uandike `ping -n 50 192.168.1.1`, ukiweka anwani ya ruta yako (nyingine ni 192.168.0.1, nyingine 192.168.100.1). Kisha `ping -n 50 8.8.8.8`, anwani iliyo nje ya nyumba yako. Kwenye Linux au Mac weka `-c` badala ya `-n`.

Ping ya kwanza ikirukaruka, mara 3, mara 180, mara imekosa jibu, shida iko ndani ya nyumba yako. Ikitulia chini ya 10 na ya pili ndiyo inayoruka, shida iko nje.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo watu hawalifanyi, nalo linafichua mengi. Acha ping ya nje ikienda, kisha kwa simu nyingine anza kupakia video kubwa. Ikiwa ping inatoka 30 hadi 600 wakati wa kupakia, una foleni kwenye ruta: simu moja inayohifadhi picha mtandaoni inajaza njia ya kupanda, na kila mwingine anangoja nyuma yake. Ndiyo maana nyumba yenye Mbps 30 inaweza kuhisi kama ina 2 kila jioni vijana wanaporudi ufukweni na picha zao. Dawa ni ruta yenye QoS au SQM (mipangilio ya kupanga zamu za watumiaji), ukiweka kikomo cha kupakia na kupakua kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima kwa waya. Hapa, kwa mara moja, ruta bora inatengeneza mtandao bila kuongeza kifurushi.

Hatua ya 5: Dawa za bure

Anza na mahali ruta ilipo. Ukuta wa nyumba ya zamani ya Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake waweza kufika nusu mita, na unashika unyevu. Maji hula mawimbi ya redio, na mawimbi ya GHz 5 huchoka ukutani mapema kuliko ya GHz 2.4. Ukuta mmoja wa aina hii unatosha kuua GHz 5; kuta mbili huzima na ile nyingine. Dari nayo si nyepesi: juu ya boriti kuna mawe na sakafu nene ya chokaa.

Kosa linaloonekana kila mara ni ruta iliyowekwa ndani ya kidaka, shubaka la ukutani. Inapendeza, lakini imezungukwa na mawe pande tano na imeachiwa dirisha moja la kupumulia. Itoe. Mawimbi hupenda uwazi: kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), ngazi, mlango ulio wazi. Ruta iliyo kwenye ukingo wa kiwanda huona vyumba vinavyokielekea, na iliyo karibu na ngazi hupandisha mawimbi juu kuliko iliyofungiwa msana. Iweke juu, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mahali ambapo mvua na jua havifiki. Antena zikiwa mbili, moja isimame wima na nyingine ilale. Usizielekeze kama bunduki chumbani unakotaka, kwa sababu mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si nchani.

Malindi adui ni wengine. Makuti makavu hayazuii sana. Mabati huzuia, zege lenye nondo huzuia, na tangi la maji lililojaa ni ukuta kamili. Friji na kioo kikubwa cha kabati pia vinahesabiwa.

Kisha ingia kwenye mipangilio:

- Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, ile ambayo majirani wameijaza kidogo zaidi. Chaneli 3 inaonekana tupu, kumbe inagongana na 1 na 6 kwa pamoja. Upana uwe MHz 20. Mtaani Mkomani, nyumba zilipobanana, upana wa 40 ni kujitafutia ugomvi.
- Kwenye GHz 5 anza na chaneli 36 hadi 48, upana MHz 80 ukiwa chumba kimoja na ruta, 40 ukiwa mbali kidogo.
- Aina ya ulinzi iwe WPA2 ya AES, au WPA3. Ruta iliyoachwa kwenye WEP au TKIP hubakia kwenye kasi za zamani, 54 kwenda chini, hata iwe mpya namna gani. Hili peke yake limewafanya watu wengi kununua ruta wasiyoihitaji.
- Badilisha nywila. Nywila ambayo mtaa mzima unaijua si nywila.
- Angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kamera nne zinazotuma video mtandaoni usiku na mchana hula kasi ya kupakia kimyakimya.
- Sasisha programu ya ruta kama kuna toleo jipya, na usikate stima inapojisasisha.

Weka mkono juu ya ruta. Ikiwa huwezi kuuacha hapo sekunde 10, inachemka na itajipunguza kasi au kujizima. Tazama na adapta yake: ruta iliyoandikwa 12V 1.5A ikipewa adapta ya 12V 0.5A itawaka vizuri kisha itajizima kila watu wakizidi.

Pima tena vyumba vilevile. Kama karatasi imeridhisha, simama hapa. Hukununua kitu.

Hatua ya 6: Amua

Nunua ruta mpya ikiwa moja ya haya ni kweli: matundu yake ni ya 100 na umelipia zaidi, haina GHz 5 na kifurushi chako kimepita Mbps 40 hivi, mita 2 kutoka kwake Wi-Fi inatoa nusu ya waya hata baada ya hatua ya 5, inajizima yenyewe na adapta umeshaibadilisha, au jaribio la foleni limeibana na haina QoS.

Usinunue ikiwa waya wenyewe ni wa pole, ikiwa ni usiku tu, au ikiwa shida ni chumba kimoja au viwili vya mbali. Huyu wa mwisho anahitaji kituo cha pili cha Wi-Fi, na ruta ya zamani iliyo kabatini yaweza kuwa hicho kituo. Kwa nyumba ya mawe, kifaa kidogo upande wa pili wa ukuta hushinda kifaa kikubwa upande huu. Nguvu ya kutuma ya ruta ina kikomo cha sheria, na hata ingeongezwa, simu yako yenye antena ndogo bado lazima ijibu kupitia ukuta uleule.

Hatua ya 7: Ukinunua, soma sanduku hivi

Namba kubwa ni jumla. AC1200 ni 300 za GHz 2.4 zikijumlishwa na 867 za GHz 5, na hakuna simu inayotumia zote mbili kwa pamoja hapo. Kasi halisi ni kama nusu ya namba ya bendi moja, karibu na ruta. Antena nyingi hazimaanishi chochote peke yake.

Unachotafuta ni matundu ya gigabiti, WAN (la kuingizia intaneti) na LAN zote. Zipo ruta za AC1200 zenye matundu ya 100, na ndizo mtego mkubwa wa dukani. Wi-Fi 5 inatosha kwa vifurushi vingi vya nyumbani. Wi-Fi 6 inafaa nyumba yenye vifaa ishirini na zaidi, au nyumba ya wageni. Muulize muuzaji kama unaweza kuirudisha ndani ya siku kadhaa, na upate jibu hilo kwenye risiti.

Kabla ya kuiweka nyuma ya kifaa cha faiba au sahani, uliza kampuni mambo mawili: kama laini inahitaji jina na nywila za PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni), na kama inatambua ruta kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa). Ukikosa haya, ruta mpya itawaka taa zote na intaneti haitaingia.

Hatua ya 8: Kituo cha pili kwa ruta ya zamani

Mfano huu unachukulia ruta kuu ni 192.168.1.1.

1. Kwenye ruta kuu, fungua mipangilio ya DHCP (inayovigawia vifaa anwani) na uhakikishe inagawa anwani kuanzia .10, yaani 192.168.1.10, au zaidi, ili .2 ibaki huru.
2. Ruta ya zamani (si ile ya kampuni) irudishe kwenye hali ya kiwandani: bonyeza kitufe cha ndani kwa sekunde 10 ikiwa imewashwa.
3. Iunganishe na kompyuta peke yake, bila kuigusisha na ruta kuu bado.
4. Kama ina hali ya AP (kituo cha Wi-Fi tu, bila kugawa anwani), ichague, iache ijiwashe upya, kisha ruka hadi namba 7.
5. Kama haina, badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, uhifadhi, uingie upya kwa anwani hiyo.
6. Zima DHCP yake. Ukisahau hili nyumba nzima itavurugika, maana ruta mbili zitagawa anwani kila moja kwa hesabu zake.
7. Weka jina la Wi-Fi na nywila sawasawa na za ruta kuu, herufi kwa herufi. Chaneli iwe tofauti: kuu ikiwa 1, hii iwe 6 au 11.
8. Vuta waya kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya hii. Tundu la WAN liachwe tupu, isipokuwa unatumia hali ya AP.

Waya ndio kazi yenyewe. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, kwa hiyo urefu wa nyumba hausumbui. Dukani kwangua ncha ya uzi: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hewa ya chumvi itaumaliza mapema. Uache.

Upitishe juu ya milango, kando ya boriti, au kupitia kiwanda. Ukilazimika kutoboa ukuta wa ndani, tundu la milimita 8 linatosha waya usio na kichwa. Pitisha kwanza, funga kichwa baadaye. Toboa polepole bila kugonga, maana matumbawe humegeka na plasta ya chokaa hubanduka vipande vikubwa upande wa pili. Ukuta wa nje ni habari nyingine: Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo waulize wahusika wa uhifadhi kabla ya kugusa sura ya nyumba. Na usivushe waya kichochoroni kwa kimo cha mzigo wa punda.

Mpangilio wa nyuzi kwenye kichwa, ncha zote mbili, kutoka kushoto ukitazama pini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Wanaopanga kwa jozi za rangi bila kuruka hupata waya unaowasha taa lakini unakatakata.

Ikiwa waya haupiti kabisa, kuna adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za stima. Zinafanya kazi soketi zote mbili zikiwa kwenye mita moja ya stima, na zichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye eksteshoni. Vifaa vya mesh (vituo vinavyorushiana Wi-Fi) visivyo na waya vinafaa pia, ila kile cha pili kiwekwe mahali ambapo mawimbi bado ni -65 hivi. Ukikiweka ndani ya chumba kilichokufa, kitarudia ukimya wa chumba hicho kwa sauti kubwa. Vile virudishio vya bei rahisi vya bendi moja hukata kasi kama nusu, kwa sababu husikia na kusema kwa mdomo mmoja.

Hatua ya 9: Pima tena, karatasi ileile

Vyumba vilevile, saa zilezile. Kama namba ya waya haijabadilika na chumba cha ndani kimetoka 3 hadi 30, umemaliza.

Kwa wenye ruta ya 4G au 5G

Kwenu sheria inageuka. Antena ya ruta yenu ni sehemu ya laini yenyewe, kwa hiyo kifaa na mahali kilipo vinabadilisha hata kile kinachoingia. Ingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta, utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -85 ni nzuri, -100 ya kubanabana, -110 ni mbaya. SINR ikiwa juu ya 20 ni safi; ikikaribia 0 mawimbi yamejaa kelele.

Zungusha ruta nyumbani, dirisha la upande wa mnara, ghorofa ya juu, chini ya paa la makuti, ukingoje dakika 2 kila mahali kabla ya kupima. Mahali tu mara nyingi hushinda pesa. RSRP ikibaki mbaya kila mahali, antena ya nje yenye nyaya mbili inasaidia, mradi ruta ina matundu yake. Ruta za daraja la Cat 4 zina ukomo wa nadharia wa Mbps 150 na hutumia bendi moja kwa wakati; Cat 6 huunganisha bendi mbili, nayo ina faida pale mnara unapozitoa zote. Lakini RSRP nzuri na kasi mbovu saa tatu usiku maana yake mnara umejaa watu. Jaribu laini ya kampuni nyingine kwenye simu, mahali palepale, saa hiyohiyo, kabla ya kununua chochote.

Wenye sahani ya setilaiti kama Starlink watazame juu: mnazi unaoyumba na upepo wa kusi ndani ya uwanja wa sahani hukata mawasiliano sekunde chache kila mara, na hakuna ruta inayokata minazi.

Mambo yakigoma

*Taa ya LOS ni nyekundu.* Mwanga wa faiba haufiki. Uzi umekunjwa, umechomoka au umekatika nje. Piga simu kwa kampuni.

*Simu imeng'ang'ania ruta ya mbali ingawa kituo cha pili kiko karibu.* Zima na uwashe Wi-Fi ya simu. Ikiendelea, punguza nguvu ya kutuma ya ruta kuu kwenye GHz 2.4.

*Kituo cha pili kinaonyesha Wi-Fi bila intaneti.* DHCP haijazimwa, au waya umeingia WAN badala ya LAN.

*Imeunganishwa lakini kurasa chache tu hazifunguki.* Jaribu DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Hii haiongezi kasi ya kupakua, aliyekuambia hivyo alikosea.

*Kasi ilikuwa nzuri, baada ya miezi imeshuka kwa waya.* Tazama vichwa vya waya. Ukiona kijani kwenye pini, chumvi imeingia. Kata kichwa, funga kipya. Viungo vya juu ya paa vizungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze.

*Ruta inajiwasha upya stima ikipungua nguvu.* Betri ndogo ya ruta inasaidia, lakini linganisha volti kwanza: ruta ya 9V ikipewa 12V inaweza kuungua. Na kwa wenye faiba, betri ishike vifaa vyote viwili. Ruta inayowaka peke yake huku kifaa cha faiba kimezimika inatoa Wi-Fi tupu.

*Kompyuta moja tu ndiyo ya pole.* Ipime simu mahali palepale. Simu ikikimbia, ugonjwa ni wa kompyuta: kadi ya Wi-Fi ya zamani isiyo na GHz 5, au masasisho yanayoshuka chinichini. Adapta ya USB ya bendi mbili ni rahisi kuliko ruta. Ichomeke mbali na tundu la USB 3 linalotumiwa na diski ya nje, kwa sababu tundu hilo hutoa kelele kwenye GHz 2.4.